Kompyuta Haikuuliza

Bibi alinisimulia maisha yake kwa siku nne, wiki chache kabla ya kufariki. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia mafaili manne kwenye kompyuta mpya, kisha nikayafuta kwenye simu. Moja lilikuwa limejaa kelele za upepo tu. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika rm bibi*, nikingoja kuulizwa kama siku zote: nifute hili? Na hili? Ningekubali moja, nikatae matatu.

Sikuulizwa. Yalifutika yote, na rm haipitishi kitu kwenye pipa la taka.

Kabla ya arobaini mama aliomba zile sauti. Jibu lilinijia lenyewe: “Kompyuta imezifuta.”

Usiku niliwasha kompyuta ya zamani kutafuta tofauti. Amri ya ls -a ilinionyesha mafaili yanayoanza na nukta, ambayo kwa kawaida hufichwa. Wakati wa kuhama sikuyanakili kwa kuwa sikuyaona. Ndani ya .bash_profile palikuwa na mstari huu: alias rm='rm -i'. Maana yake, uliza kabla ya kufuta. Niliuandika mwenyewe, nikausahau. Nililinakili faili hilo kwenye kompyuta mpya, lakini halikusaidia: tangu macOS Catalina ya 2019, akaunti mpya za Mac hutumia zsh badala ya bash, na zsh husoma .zshrc. Nikauhamishia mstari huko. Ukafanya kazi.

Hitilafu iliisha, swali likabaki. Miaka yote nilijiona mwangalifu, kumbe nilikuwa naandika amri kiholela kwa sababu nilijua nitaulizwa. Je, anayezuiwa kukosea na kinga aliyoisahau, ni mwangalifu?

Naona aliyeandika mstari ule alikuwa mwangalifu. Aliijua haraka ya mikono yake, akaiwekea kizuizi. Kosa langu lilianza pale niliposahau kizuizi, nikasahau na haraka yenyewe. Kinga ilinilinda dhidi ya makosa, ikanificha pia tabia yangu.

Asubuhi nilimwambia mama: “Si kompyuta. Nimezifuta mimi.” Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nakumbuka alichosimulia bibi. Tukaanza kuandika.

Juu ya ule mstari, ndani ya .zshrc, nimeongeza maelezo mafupi: tarehe, na maneno “una haraka”.