Mapenzi Yasiyoshuka Daraja

Mlimba ni stesheni ya reli ya TAZARA iliyo kwenye ncha ya bonde la Kilombero, pale ambapo treni itokayo Dar es Salaam huyaaga mashamba ya mpunga na kuanza kuipanda milima ya kuelekea Makambako. Ni mji wa wakulima, wafanyabiashara wa mchele na watumishi wa reli. Kama ilivyo katika miji midogo mingi ya Tanzania, mwishoni mwa juma vijana hukusanyika katika vibanda umiza kuutazama mpira wa Uingereza. Humo hukutwa mtu asiyepata kuiona bahari ya Dar es Salaam, lakini akaweza kutaja bila kusita kikosi kizima cha timu ya London au Manchester, na akalala na njaa kwa sababu timu hiyo imefungwa.

Mapenzi ya namna hii hayana maswali mengi maadamu timu inashinda. Swali huzuka siku timu inaposhuka daraja. Kila msimu timu tatu za mwisho katika Ligi Kuu ya Uingereza huteremshwa kwenda ligi ya daraja la pili, ile ambayo tangu mwaka 2004 huitwa Championship. Huko timu 24 hucheza mechi 46 kila moja. Mbili hupanda moja kwa moja, na ya tatu hupatikana kwa mchujo. Ni safari ndefu isiyo na taa nyingi wala kelele za dunia. Mwenye kibanda hulipia kile kinachojaza mabenchi, na daraja la pili aghalabu haliyajazi. Basi shabiki wa Mlimba ambaye timu yake imeshuka hupokonywa mambo mawili kwa mpigo: fahari ya ushindi na raha ya kutazama. Akibaki, amebaki na nini? Na akiondoka, amemkosea nani?

Wako watakaojibu kwamba hajamkosea yeyote. Mpira ni starehe, na starehe haina kiapo. Mtu haulaumiwi kwa kuacha kwenda kwenye ngoma iliyopooza. Alilipa kiingilio, akafurahi, na furaha ilipokwisha akatoka. Jibu hili lina ukweli wake, ila haliwezi kueleza kwa nini yule aliyehamia timu nyingine wiki moja baada ya yake kushuka huzomewa na wenzake, hata na wale waliokuwa wapinzani wake. Watu hawamzomei aliyeacha kula embe. Wanamzomea aliyeacha rafiki. Wahenga walikwishasema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika mpira hakuna dhiki inayozidi kushuka daraja.

Lakini je, timu yaweza kuwa rafiki? Aristotle, katika mafundisho yake ya maadili, aliugawa urafiki katika mafungu matatu: wa manufaa, wa raha, na ule wa mtu kumpenda mwenzake kwa wema alio nao. Mawili ya kwanza hukoma pale manufaa au raha inapokoma. La tatu hudumu, kwa kuwa tabia ya mtu haibadiliki upesi. Anayeipenda timu kwa makombe yake yumo katika fungu la kwanza au la pili. Anayebaki nayo daraja la pili angetaka kujihesabu katika la tatu. Tatizo ni kwamba timu haina tabia ya kudumu. Wachezaji huja na kwenda, kocha hufukuzwa, mmiliki huuza hisa, jezi hubadilishwa kila mwaka. Timu ni mithili ya jahazi ambalo mbao zake hung'olewa moja moja na kutiwa nyingine, hata ukafika wakati ambapo hakuna ubao mmoja uliobaki wa zamani. Baharia wake hulipenda jahazi lipi?

Tanzania ilipata kulijaribu swali hilo. Mwezi wa Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Villa yenyewe ilikuwa imetoka kifungoni muda mfupi uliopita: ilishuka mwaka 2016, ikakaa daraja la pili misimu mitatu, ikarudi mwaka 2019. Samatta alifunga bao katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, dhidi ya Bournemouth, na mwezi uliofuata akafunga jingine pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi waliyofungwa na Manchester City. Ghafla Watanzania wengi wakawa watu wa Villa. Ilipofika Septemba ya mwaka ule ule akahamia Uturuki, na wengi wao wakafunga mizigo pamoja naye. Je, walikuwa wanafiki? La. Walikuwa kama mtu aliyemfuata ndugu yake ugenini. Ndugu alipohama, ugeni nao ukaisha. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya Villa. Walichokipenda kilikuwa na jina na uso, nacho kilikuwa kimeondoka.

Upande wa pili wa mizani yupo Sunderland, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza uliokuwa ukiishi kwa kujenga meli na kuchimba makaa ya mawe. Viwanda vya meli vilifungwa mwaka 1988, na mgodi wa Wearmouth ukafungwa mwaka 1993. Juu ya ardhi ya mgodi ule ndipo ulipojengwa uwanja wa timu, uliofunguliwa mwaka 1997. Timu hiyo ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikashuka tena hadi daraja la tatu, ilikokaa misimu minne. Jambo la kuzingatiwa ni hili: katika msimu wa 2018/19, timu ikiwa daraja la tatu, mechi zake za nyumbani zilihudhuriwa kwa wastani na watu zaidi ya 30,000. Ilipanda hadi daraja la pili mwaka 2022, na Mei 2025 ikashinda fainali ya mchujo kwa mabao mawili kwa moja dhidi ya Sheffield United na kurejea Ligi Kuu. Wale waliojaza uwanja hawakufuata makombe, kwani hayakuwapo, wala wachezaji, kwani wengi walikuwa wapita njia. Walifuata mahali. Babu zao waliteremka chini ya ardhi ile ile kutafuta riziki, na wao walikaa juu yake kuona wamebakiwa na nini. Hapo ndipo swali la jahazi linapoanza kupata jibu: mbao zote zaweza kubadilika, lakini bandari ni moja, na wanaolingojea jahazi ufukweni ni wale wale na watoto wao.

Hakuna haja ya kwenda Ulaya kuliona jambo hilo. Katika mkoa wa Morogoro, uliomo Mlimba, iko timu ya Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyozaliwa na kiwanda cha sukari. Ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ikadumu Ligi Kuu miaka mingi, kisha mwishoni mwa msimu wa 2023/24 ikashuka. Msimu wa 2024/25 iliucheza katika ligi ya daraja la pili, ambayo huku nako huitwa Championship, na mwisho wake ikapanda pamoja na Mbeya City. Katika msimu huo huo Kagera Sugar, timu nyingine ya wakata miwa, ikawa inateremka ngazi ile ile ambayo Mtibwa ilikuwa inaipanda.

Sasa na uzingatiwe uwanja wa Manungu, ulio karibu na mashamba ya miwa, katika misimu hiyo miwili. Timu ikiwa Ligi Kuu, siku ya kuja Simba au Yanga watu hufurika. Lakini asiyejua kwamba karibu kila mji wa Tanzania umegawanyika kati ya timu hizo mbili za Dar es Salaam, aweza kudhani kuwa ni wenyeji wanaoshangiliwa, kumbe nusu ya umati imekuja kumshangilia mgeni. Daraja la pili halina Simba wala Yanga. Atakayefika uwanjani huko hana kisingizio: amekuja kwa ajili ya timu ya nyumbani, au hakuja kabisa. Kushuka daraja, pamoja na uchungu wake, huwa kama chekeche. Hupepeta makapi na kuacha punje, na timu huzijua kwa hesabu punje zake, labda kwa mara ya kwanza.

Iko hali nyingine inayozidi kushuka. Treni ikishaimaliza milima ya Makambako huingia katika nyanda za Usangu, nchi ya mpunga kama Kilombero. Huko Mbarali ilikuwako timu ya Ihefu. Ilipanda Ligi Kuu, ikashuka, ikapanda tena. Na tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wake, iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kuukatiza mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikupoteza hata moja. Baadaye timu hiyo ilihamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Haikushuka, kinyume chake, ilipata nguvu zaidi. Lakini mtu wa Mbarali aliyekuwapo uwanjani siku ile amebakiwa na nini? Huko Uingereza, mashabiki wa Wimbledon walikabiliwa na jambo kama hilo timu yao iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes. Mwaka 2002, bila kungoja, waliunda timu mpya ya jina lile lile na kuanza upya katika madaraja ya chini kabisa. Walikataa ligi ya juu iliyohama, wakachagua ligi ya chini iliyobaki nyumbani. Kwa kitendo hicho walitoa hoja ambayo vitabu vingi havijaitoa kwa uwazi kama huo: timu iliyoshuka daraja bado ipo, ilhali timu iliyong'olewa kwao, hata ikiwa kileleni, kwa wenyewe imekufa.

Kwa hiyo kinachopendwa na anayebaki si ushindi, wala si wachezaji, wala si cheti cha usajili. Ni ule uhusiano wa watu na mahali ambao timu imeupa jina na rangi. Na hapa ndipo shabiki wa Mlimba anaporudi na swali lake gumu. Yeye hana babu aliyechimba makaa Sunderland. Mahali pale si pake. Je, mapenzi yake ni bandia?

Itakuwa dhuluma kusema hivyo. Watu hupenda mashairi ya nchi wasizozijua, na huimba nyimbo za lugha wasizozielewa, na hakuna awalaumuye. Kizuri hakiulizi msafara wa anayekitazama umetoka wapi. Lakini kupenda si sawa na kuwa mwaminifu. Kupenda hakuhitaji kingine ila moyo, ambapo uaminifu ni deni, na deni lina mwenyewe. Mtu hupaswa kubaki pale ambapo kuondoka kwake kutaacha pengo. Shabiki mmoja wa Mlimba akiiacha timu ya Uingereza iliyoshuka, hakuna kiti kitakachokuwa wazi, hakuna mchezaji atakayetupa jicho jukwaani na kumkosa. Anaweza kubaki kwa heshima ya mapenzi yake, na ni vyema abaki, kwani mtu hujifunza subira hata kwa vitu vya mbali. Ila asidhani kwamba kwa kubaki huko amekwisha kulipa.

Deni lake liko karibu zaidi. Mpira wa Tanzania una ngazi nyingi chini ya zile zinazotangazwa: ligi za wilaya, ligi za mikoa, na ligi ya mabingwa wa mikoa, ambayo timu ya mji mdogo hupaswa kuivuka kabla hata ya kuliota daraja la pili. Huko chini nyavu hununuliwa kwa michango, nauli huombwa kwa wafanyabiashara, na watu ishirini pembeni mwa uwanja ni tofauti kubwa na watu wawili. Huko kutokuwepo kwa mtu mmoja huonekana. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, lakini methali hiyo yawaelemea watunzaji kuliko mchezaji: kama kwao hakuna wa kumtunza, atacheza kwa nani?

Kiswahili kimelipa neno daraja maana mbili, ya cheo na ya kivuko. Watu wa bonde la Kilombero, waliouvuka mto kwa pantoni miaka mingi pale Ifakara kabla ya kujengewa daraja, hawahitaji kufundishwa ipi kati ya hizo ina uzito. Cheo cha timu huandikwa kila mwisho wa msimu na kufutwa msimu unaofuata. Kivuko baina ya timu na watu wake hujengwa polepole, na kama Wimbledon walivyoonyesha, chaweza kubaki kimesimama hata baada ya timu yenyewe kuchukuliwa. Anayetaka kujua kama anaipenda timu yake asiitazame ikiwa juu. Ajiulize, siku ile ilipoteremka, kama kuna aliyegundua kwamba yeye hakuja.