Mieleka ya Kuigiza

Jioni, hapa Kakuyuni, vijana hubishana juu ya mieleka ya Marekani waionayo katika televisheni: nani bingwa, nani kaonewa. Mzee apitaye huwacheka, "Mwabishania uongo!" Je, ni uongo?

Mshindi huamuliwa kabla ya pambano. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mchezo huo ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kuwa ni burudani, si mashindano. Lakini uongo husemwa ili mtu adanganyike. Ajuaye kuwa mchezo ni mchezo hakudanganywa, kama vile asikilizaye ngano ya sungura na fisi.

Hatari iko kwingine. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alikuwa akiteremshwa ulingoni kutoka darini, akaanguka, akafa. Wako watazamaji waliodhani ni sehemu ya mchezo, na mapambano yaliyobaki yakaendelea usiku uleule. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Basi, msomaji, shangilia na ubishane upendavyo. Ushindi waweza kupangwa. Mwili uumiao ni wa kweli. Mtu akianguka, mwangalie yeye kwanza, mchezo baadaye.