Uthabiti wa Mtu Asiye na Kituo

Watu wengi hudhani ya kuwa uthabiti ni kukaa mahali pamoja, na kwa dhana hiyo mtu ahamaye mara kwa mara humhesabu kuwa hana ahadi. Lakini dhana hiyo, ikipimwa kwa maisha ya Edwin Jackson, mtupaji mpira wa besiboli wa Marekani, hudhihirisha upungufu wake. Alianza kucheza katika ligi kuu siku alipotimiza miaka 20, mwezi Septemba 2003, akiwa na Dodgers wa Los Angeles. Na alipoichezea Toronto mwaka 2019 alikuwa amefikisha klabu 14, idadi ambayo hapana mchezaji kabla yake aliyepata kuifikia.

Ifahamike kwamba safari nyingi za namna hii si hiari ya mchezaji, maana klabu yaweza kuuhamisha mkataba wake kama ionavyo maslahi yake. Mwezi Julai 2011 Jackson alitolewa Chicago akapelekwa Toronto, na siku iyo hiyo Toronto ikampeleka St. Louis, asiwahi kuitupia hata mpira mmoja. Na mwaka huo St. Louis wakatwaa ubingwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alipewa mlangoni.

Sasa, mtu wa hali hii amwekee nani uaminifu? Wako wasemao kwamba humtumikia yeyote amlipaye, basi. Nami nawauliza, ni ujira gani uliomsimamisha uwanjani usiku wa tarehe 25 Juni 2010, alipokuwa Arizona akipambana na Tampa Bay, klabu yake ya zamani? Mkono wake haukumtii: wapigaji 8 aliwaachia kituo cha kwanza bure, kwa mipira iliyopita nje ya eneo lake, hata hivyo hakukubali kuondoka, akatupa mipira 149, na hadi mwisho hapana mpinzani aliyepata pigo halali la kumfikisha kituoni. Arizona ilishinda 1 kwa 0, na kabla ya Agosti kuingia ikamhamishia Chicago.

Hapo ndipo nionapo uthabiti wenyewe. Akaaye kwao hutegemezwa na mapenzi ya mji, husamehewa, hungojwa. Ahamaye hana tegemeo ila kazi yake, na kila aingiapo huanza upya kuaminiwa na watu wasiomjua, ilhali jana yake haihesabiwi. Kweli, hupoteza mengi, na familia yake hupoteza zaidi, nami sitaki kuipamba hasara hiyo. Jackson alishindwa mara 133 na kushinda 107, hesabu isiyomwingiza mtu katika orodha ya mashujaa. Lakini mwaka 2021, akiwa na miaka 37, aliichezea nchi yake katika Olimpiki ya Tokyo, akapata medali ya fedha. Mimi namhesabu miongoni mwa waaminifu.