Kufaa na Kufaana

Kwa silabi moja tu ya mwisho lugha yetu imetenga kufaa na kufaana. Nami, niliyezoea kuyatamka maneno hayo pasipo kuyatia maanani, sikuitambua tofauti iliyo baina yao hata asubuhi ile ambapo printa yangu, iliyochapa barua usiku uliotangulia, ilinyamaza kimya baada ya mfumo endeshi wa kompyuta kujihuisha wenyewe alfajiri. Fundi aliigeuzageuza, akasema: “Mzee wangu, printa ni nzima, ila haina draiva.”

Draiva ni mkalimani: programu ndogo inayoufasiria mfumo endeshi maneno ya chombo, na mkalimani akikosea, wenye akili timamu wawili huonana wendawazimu. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates na msaidizi wake Chris Capossela walisimama hadharani kuonyesha jinsi Windows 98, ambayo ilikuwa bado kuuzwa, ingekipokea chombo mara tu kikichomekwa; wakachomeka skana, na kioo kizima kikageuka buluu, ishara ya kuzirai kwa mfumo. Waliohudhuria walicheka, na Gates mwenyewe akatania kwamba ndiyo sababu hawajaanza kuiuza.

Lakini neno la fundi halikunitoka. Uzima wa kitu umo wapi? Ukiwa umo katika dhati yake, basi printa yangu ni nzima, na kuitupa jaani ni dhuluma. Ukiwa umo katika mafungamano yake na vingine, basi chombo chaweza kufishwa bila ya kuguswa, kama vile mke anavyokuwa mjane kwa kifo kilichotokea safarini, kabla hata habari haijamfikia.

Mimi naelekea kauli ya pili, na shahidi wangu ni Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Kanuni yake ni kwamba badiliko la kiini lisizivunje programu za watumiaji. Walakini draiva hazikupewa ahadi hiyo. Iliyokubaliwa kuwekwa ndani ya kiini hutengenezwa na yule yule aliyeleta badiliko, na iliyobaki nje, mathalan kwa kuwa mwenyewe aliificha siri yake, hujitafutia riziki. Sheria kali, ila siioni kuwa ya jeuri: aliyekataa ujamaa hawezi kudai urithi.

Printa ingali juu ya kabati. Fundi adhani itasikilizana na kompyuta kuukuu ya mpwa wangu, isiyohuishwa tangu inunuliwe, nami Jumamosi nitampelekea.