Nani Ahame? Neno Juu ya Ndoa za Kuvuka Mpaka

Sisi tukaao Taveta tumezoea ndoa za kuvuka mpaka. Vijana wetu huoa Himo na Moshi, na binti zetu huolewa Upareni na Uchagani. Si jambo jipya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, walipatana mpaka upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Watu waliokuwa wakioana huku na huku hawakuulizwa. Hata leo arusi hizi tunazishangilia, ila swali moja huachwa mpaka wageni wamekwisha kwenda zao: je, wawili hawa watakaa nchi gani?

Wengi hujibu upesi kwamba mke humfuata mume. Hiyo ni desturi, wala sisemi ni desturi mbaya. Lakini tusiifanye kuwa amri ya Maandiko. Katika Mwanzo sura ya pili, anayetajwa kuwaacha baba na mama ni mwanamume. Rebeka, kabla hajasafiri kwenda kuolewa na Isaka, aliitwa akaulizwa kama yu tayari kwenda. Naye Yakobo, alipotaka kurudi kwao baada ya miaka 20 kwa Labani, aliwaita Raheli na Lea kondeni akawaeleza shauri lake, nao wakatoa jibu lao kabla ngamia hawajapandwa. Basi, kuulizana ni desturi ya zamani kuliko hii yetu.

Wengine hujibu kwa hesabu: tukae penye kazi na shule nzuri. Hesabu ni busara, lakini ifanywe yote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu mume au mke wa Mkenya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humpa mke mgeni nafasi ya kuomba kwa sababu ya ndoa, lakini mume mgeni haimpi nafasi hiyo. Tena Tanzania haikubali mtu mzima awe raia wa nchi mbili. Binti yetu akitaka uraia wa mumewe Mtanzania, sharti aukane wa Kenya. Asipoukana, sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwetu Kenya pia mgeni hamiliki ardhi moja kwa moja. Hukodishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi arusi aliyetoka ng'ambo hupewa jembe hata kabla ya siku ya tatu. Je, siku atakapofiwa na mumewe, shamba alilolilima miaka 30 atakaa juu yake kwa haki gani?

Hapa ndipo penye neno langu. Mmoja akihama na mwingine akabaki kwao, hawakutoa sawasawa. Aliyebaki anao ndugu, lugha ya utoto na makaburi ya wazee wake; aliyehama ameviacha hivyo vyote kwa ajili ya mwenzake. Kwa hiyo aliyebaki ana deni. Deni hilo ni hilohilo hata kama aliyehama ni mwanamume aliyemfuata mkewe, ambaye mara nyingi sisi humcheka badala ya kumheshimu.

Mtu atasema, penye mapenzi hapana haja ya kuhesabu deni. Mimi naona mapenzi ndiyo yanayolikumbuka. Wenye umri wangu hawajasahau Februari 1977, mpaka ulipofungwa, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Waliooana kabla ya hapo walipendana kweli, lakini kwa karibu miaka 7 njia ya kwenda kumzika mama ilikuwa imefungwa. Leo mpaka u wazi, nasi tushukuru. Lakini hakuna ajuaye ya kesho.

Deni hulipwa kwa mambo ya kawaida: nauli ya kwenda kusalimu kwao iwekwe kando kabla ya matumizi mengine, hati zishughulikiwe mapema, si wakati wa msiba, watoto wafundishwe lugha ya pande zote mbili, na shauri la mahali pa kukaa liweze kuzungumzwa tena, watoto wakikua au kazi ikiisha, bila aliyehama kuambiwa kwamba neno lilikwisha siku ya arusi.

Basi wazazi, na wazee wa kanisa, kabla tangazo la kwanza la ndoa halijasomwa, tuwaulize wawili hao, kila mmoja peke yake: mtakaa wapi, na kwa nini huko? Kama mmoja hana jibu ila la mwenzake, tangazo na lingoje kidogo.