Mizani ya Mjomba

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo Geita. Duarani halipwi mshahara. Hugawiwa viroba vya mawe, na siku nyingine hapati hata kimoja. Likizo iliyopita, nyumbani Shinyanga, nilimwambia kwamba Ibara ya 142 ya Katiba inakataza kumpunguzia jaji mshahara akiwa kazini. Akacheka.

"Mpwa wangu, Nyerere alijikata asilimia 20 mwaka 1966. Jaji ni nani?"

Nilikosa jibu mpaka alipoanza kumlalamikia mnunuzi wa dhahabu anayepima kwa mizani yake mwenyewe.

"Basi ndiyo hiyo, mjomba," nikasema. "Serikali nayo hushtakiwa. Ikiweza kumkata mshahara anayeihukumu, mizani ni yake. Nyerere alijikata mwenyewe. Kukatwa na unayemhukumu ni jambo jingine."

Alinyamaza, kisha akauliza kama ibara hiyo inamlinda pia hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, kule anakodai viroba vyake.

Inataja majaji. Hakimu huyo hayumo.

Mshahara wa jaji haunikeri tena. Kinachonikera ni kwamba ulinzi huo tunaulipia sote, nao unaishia juu, wakati kesi ya mjomba iko chini.