Bei ya Gari Kuukuu
Tuchukue mfano. Mtu afika Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru lenye kisiwa cha Kilwa, akaona chini ya mwembe Peugeot 404 iliyoliwa na kutu. Mwenyewe aiona chuma chakavu. Mgeni ajua kuwa aina hiyo ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kwamba wapo waitafutao ili kuifufua. Je, anyamaze, ainunue kwa bei ya chuma?

Wako wasemao kuwa ujuzi ni mtaji. Sisi twaona kuwa jasho la kuitengeneza ni haki yake, bali kutojua kwa mwenziwe si mali yake. Na aseme ajualo, kisha wapatane. Walimu wenzetu, mwasemaje?